Rahisi kwa Nani?

Miaka miwili iliyopita, Jumamosi moja alasiri, niliketi kwenye piano mbele ya watu kama 40 nicheze sonata ambayo mtunzi wake mwenyewe aliandika kwamba ni ya wanaoanza. Nilikuwa na miaka 26. Kabla yangu alikuwa amecheza mtoto wa darasa la sita: kipande cha kelele na mbwembwe, vidole vikiruka kama bisi kwenye sufuria. Watu wakampigia makofi mpaka tumbo langu likakaza. Nikajiambia, tulia, yako ni rahisi.

Vipimo vinne vya kwanza vilienda vizuri. Kipimo cha tano, pale mkono wa kulia unapoanza kupanda na kushuka skeli, kidole gumba kikachelewa. Noti moja tu. Nikaifukuzia, nikakosa ya pili, nikasimama. Manze, ule ukimya! Nikaanza upya, nikamaliza, nikapigiwa makofi ya huruma, yale anayopigiwa mtu aliyeteleza kwenye matope akainuka.

Sonata yenyewe ni K. 545 ya Mozart, katika C-meja. Hata kama hujawahi kugusa piano, huenda umeisikia kwenye simu, wakati unasubiri mtu wa ofisi fulani akujibu. Ina sehemu tatu, na hata ukizicheza kwa utulivu hazifiki robo saa. Tangu siku ile nimekaa na kinyongo, na kinyongo changu ni na neno moja: rahisi. Nimelichunguza kwa muda sasa, na nadhani tunalitumia vibaya tunapozungumzia sonata za enzi ya klasiki, yaani zile za Haydn, Mozart, Clementi na Beethoven, kuanzia katikati ya karne ya 18 hadi miaka ya 1820. Tunahesabu noti, halafu tunadhani tumepima ugumu.

Tuanze na maneno ya Mozart mwenyewe. Kuanzia Februari 1784 alikuwa na daftari la kuorodhesha kazi alizomaliza. Tarehe 26 Juni 1788 aliingiza humo sonata hii na kuieleza kuwa sonata ndogo ya kinanda kwa wanaoanza. Tarehe hiyo hiyo, kwenye daftari hilo hilo, aliingiza Simfonia namba 39. Kufikia tarehe 10 Agosti alikuwa amemaliza na ya 40 na ya 41, na hakuandika nyingine tena. Siku tatu baada ya ile tarehe 26 Juni, binti yake Theresia alifariki akiwa na miezi sita. Sitakuambia kwamba sonata inalia, maana hailii. Ninachosema ni kwamba hii "ndogo" ilitoka kwenye mkono uleule, majira yaleyale, na simfonia ambazo dunia inazivulia kofia. Haikuchapishwa hadi 1805, miaka 14 baada ya kifo chake. Mozart alipata sehemu ya riziki yake kwa kufundisha. "Kwa wanaoanza" lilikuwa neno la mwalimu anayejua kazi hii ataitumia wapi. Sisi ndio tuliolichukua tukaligeuza kuwa hukumu.

Sasa, ugumu wake uko wapi? Mimi nimekulia kwenye kibodi ya kanisa, Kayole. Pale unajifunza kwa masikio. Mwimbishaji anaanzisha pambio bila kukuambia anaimba ufunguo gani, wewe unamtafuta mkiwa njiani. Ni shule nzuri sana, siidharau. Lakini ukikosea una pa kujificha. Kuna ngoma, kuna gitaa la besi, kuna akina mama wa safu ya mbele na vigelegele vyao. Unakanyaga pedali, unatandaza kodi nzito (sisemi ile ya nyumba), na dhambi zako zote zinafunikwa.

K. 545 haina blanketi. Kwa sehemu kubwa unasikia sauti mbili tu: noti moja mkono wa kulia, noti moja mkono wa kushoto. Ukikanyaga pedali kufunika skeli, skeli inageuka uji. Ukiiachilia, kila noti inasimama peke yake, na ile iliyo nzito kuliko jirani yake inaonekana kama doa kwenye shati jeupe. Kidole gumba ni kifupi na kina nguvu, cha nne ni mvivu, lakini msikilizaji hatakiwi kujua una vidole. Anatakiwa asikie mstari mmoja ulionyooka. Kuna kauli maarufu inayohusishwa na mpiga piano Artur Schnabel, kwamba sonata za Mozart ni rahisi mno kwa watoto na ngumu mno kwa wasanii. Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani ni mbwembwe za wakubwa. Sasa naisoma kama maelezo ya kawaida kabisa. Mtoto hajui kilichoko hatarini. Mtu mzima anajua, na mkono unatetemeka.

Halafu kuna mkono wa kushoto, ambao watu huupuuza. Tangu mwanzo unacheza noti tatu za kodi zikiwa zimevunjwa: ya chini, ya juu, ya kati, ya juu tena. Mtindo huu unaitwa besi ya Alberti, kwa jina la Domenico Alberti, Mwitaliano wa nusu ya kwanza ya karne ya 18. Kwenye karatasi unaonekana kama kazi ya kuchosha, kama kuchambua mchele. Ukiupiga kwa nguvu unamzika mwimbaji aliye juu. Ukiulegeza, wimbo unakosa sakafu. Oktoba 1777, akiwa Augsburg, Mozart alimwandikia baba yake kwamba watu hawaelewi jinsi anavyoweza, katika kipande cha mwendo wa polepole, kuuachia mkono wa kulia uchezee muda huku wa kushoto ukibaki palepale bila kuyumba. Kwao, anasema, mkono wa kushoto hufuata tu. Jaribu wewe. Piga meza kwa mkono wa kushoto, sawasawa kama saa ya ukutani, halafu ongea na mtu kwa kawaida, ukicheka, ukisita, ukiharakisha. Ukiona mkono umeanza kufuata mdomo, basi umeelewa.

Na hapo ndipo tunapoingia kwenye mtindo, ambao kwangu ndio ugumu wenyewe. Muziki huu unaongea. Vipimo viwili vya kwanza vinasema jambo, viwili vinavyofuata vinalijibu. Noti mbili zikiunganishwa kwa kamba ndogo, ya kwanza huegemewa na ya pili huachiliwa, kama mtu anayeshusha pumzi. Vituo vifupi ni koma. Mwaka wa 1786 Mozart alikuwa ametoa opera ya Figaro, 1787 akatoa Don Giovanni, na katika sonata zake bado kuna watu wanaingia na kutoka jukwaani: mtumishi mjanja, bibi mwenye hasira za heshima, kijana aliyependa. Mara nyingi karatasi haikuandikii lolote kati ya hayo. Hakuna anayekuambia "hapa cheka kidogo." Inabidi ujue lugha.

Wenzangu mliosoma Kiswahili mpaka kidato cha nne mtanielewa vizuri zaidi nikitumia mfano wa tarbia. Mishororo minne, mizani nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho. Mwanafunzi yeyote anaweza kuhesabu hadi 16. Nilitunga tarbia nyingi shuleni ambazo mizani yake ilitimia na vina vyake vilikubaliana, na zote zilikuwa zimekufa kama samaki wa juzi. Halafu unamsikia mtu anayeijua kazi, ndani ya hesabu ileile, na hata hukumbuki kuna hesabu. Sonata ya klasiki ni hivyo. Sheria zake zinajulikana na kila mtu, ndiyo maana huwezi kudanganya ndani yake.

Kuna hata mzaha wa sheria hizo. Sehemu ya kwanza ya sonata ya kawaida ya wakati ule ni kama safari: unaanza nyumbani, unakwenda mji jirani, unapotea njia kidogo, kisha unarudi nyumbani, na kurudi huko ni sherehe. Nyumbani hapa ni C-meja. Sehemu hii ina vipimo 73. Baada ya upotevu unaoanza na G-maina, ufunguo wenye wingu, kipimo cha 42 kinaturudishia wimbo wa mwanzo. Msikilizaji anashusha mabega, tumefika. Lakini hatujafika. Wimbo umerudi katika F-meja. Ni kama kushuka matatu ukiwa na usingizi, ukaona duka lile, kona ile, lango lile, halafu ukagundua ni mtaa wa pili. Mozart anatembea taratibu kutoka hapo hadi C, na njiani mkono wa kushoto, uliokuwa umezoea kubeba mizigo, unapewa skeli zake wenyewe. Sasa niambie, anayecheza atafanya nini kwenye kipimo cha 42? Akikitangaza kwa mbwembwe ameharibu mzaha. Akikipita kama hajakiona, mzaha haukuwepo. Mwalimu wangu, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alinisimamisha hapo wiki tatu mfululizo.

"Mwalimu, kwani nimekosea noti?" nikamuuliza.

"Noti ziko sawa," akasema. "Lakini wewe hujui kama umepotea."

Tusisahau chombo chenyewe pia. Piano ya Mozart, iliyotengenezwa na Anton Walter wa Vienna, ilikuwa na vitufe 61. Hiyo ndiyo idadi ya vitufe kwenye kibodi nyingi za makanisa yetu, ingawa yake ilianzia F na zetu huanzia C. Piano ya leo ina 88. Ile ya Vienna ilikuwa na fremu ya mbao, nyundo ndogo zilizovikwa ngozi, na vitufe vyepesi visivyozama sana. Sauti ilizuka upesi na kufifia upesi. Maneno yalisikika. Piano kubwa ya leo ina fremu ya chuma na sauti nene inayodumu, na kitufe chake kinadai nguvu zaidi. Kwa hiyo tunabeba muziki uliotungiwa chombo chepesi, tunaupeleka kwenye chombo kizito, halafu tunashangaa kwa nini skeli hazitiririki. Kama unataka kusikia tofauti, tafuta rekodi za Kristian Bezuidenhout, anayecheza Mozart kwenye piano zilizotengenezwa kwa mfano wa zile za kale. Skeli zinasikika kama mtu anayesema haraka bila kumeza herufi.

Sasa nisidanganye. Ugumu wa vidole upo, na enzi hii inao tele. Haydn aliandika Sonata ya E-flati, Hob. XVI:52, mwaka 1794 akiwa London, kwa ajili ya Therese Jansen, mpiga piano hodari. Ina kodi nzito, ina skeli za kasi, na sehemu yake ya katikati imewekwa katika E-meja, ufunguo ulio mbali sana na nyumbani. Sonata ya Beethoven, Op. 106, ile ya "Hammerklavier" ya 1818, huchukua dakika 40 na zaidi, na Beethoven aliandika mwendo wa metronomu wa 138 ambao wapiga piano wengi wanaukwepa mpaka leo. Schnabel, wa kwanza kurekodi sonata zote 32 za Beethoven, kati ya 1932 na 1935, aliujaribu. Unasikia vidole vikiachwa nyuma na akili. Hapo hakuna wa kukuambia ni rahisi.

Na kuna zile zinazochanganya. Mwaka wa 1789 Mozart alimwandikia rafiki yake Puchberg kwamba anaandika sonata sita nyepesi za binti mfalme Friederike wa Prussia. Sonata pekee aliyoingiza daftarini mwezi huo ni K. 576, na muulize yeyote aliyewahi kuicheza kama ni nyepesi. Beethoven naye ana sonata mbili za Op. 49, alizoziandika miaka ya 1790 na zikachapishwa mwaka 1805 zikiitwa nyepesi. Kisha chukua ile inayoitwa ya "Mwangaza wa Mwezi," ya 1801. Sehemu ya kwanza, kila mtu mwenye simu na kibodi ameijaribu. Ya tatu inakimbiza hata wakubwa. Ndiyo niliyokuwa nikiitaka mimi. Niliingia kwa mwalimu na video yake kwenye simu. Akaitazama kidogo, akanirudishia simu, akaniwekea K. 545 mbele. Nilihisi nimetukanwa.

Kumbe ugomvi huu ni wa zamani. Tarehe 24 Desemba 1781, Mfalme Joseph II aliwakutanisha Mozart na Muzio Clementi kwenye kasri lake Vienna, wapambane kwa piano mbele ya wageni. Clementi alikuwa bingwa wa noti mbilimbili za kasi kwa mkono mmoja. Mozart, katika barua zake kwa baba yake baada ya hapo, alikiri kwamba mkono wa kulia wa jamaa ni hodari, kisha akamnyima ladha na hisia, akamwita kama mtu wa mitambo tu. Nadhani alimwonea. Clementi alimsifu Mozart, na sonata aliyocheza jioni ile inaanza na wimbo unaofanana sana na ule unaosikika kwenye ufunguzi wa opera ya Mozart ya Zumari la Kichawi, 1791. Mtu wa mitambo hakukosa sikio. Lakini swali walilobishania bado tunalo: ugumu ni kile ambacho mikono ya wengine haiwezi kufanya, au ni kile ambacho mikono yote inaweza kufanya lakini ni wachache wanaokifanya kikawa na uhai?

Ukitaka kulisikia swali hilo, weka Glenn Gould na Mitsuko Uchida ubavu kwa ubavu, wote wakicheza hii K. 545. Gould hakumpenda sana Mozart na hakuficha. Anaikimbiza sehemu ya kwanza kwa kasi ya kutisha, noti kavu, zimekatwakatwa kama sukuma wiki. Hakosei. Ni uwezo wa ajabu, na mara ya kwanza nilicheka kwa furaha. Mara ya tatu nilichoka, kwa sababu hakuna anayeongea mle ndani. Anathibitisha tu kwamba kipande ni chepesi kwake. Uchida haikimbizi. Anakuacha usikie mahali sentensi inapoishia. Sisemi Gould amekosa haki ya kufanya alivyofanya. Nasema alifanya kile tunachokifanya sote tukiambiwa kitu ni rahisi: tunatafuta namna ya kuonyesha kwamba tuko juu yake.

Hili linanigusa kwa sababu ya jinsi tunavyojifunza hapa kwetu. Wengi wetu Nairobi tunafuata mitihani ya kimataifa inayopanga vipande kwa gredi, 1 hadi 8. Gredi zina maana yake, mwalimu anahitaji ngazi. Lakini mzazi anasikia namba tu, na mwanafunzi anajipima kwa namba tu, kwa hiyo tunapanda haraka kuelekea kwenye kelele. Anayeanza akiwa mtu mzima, tena kwenye kibodi ya kuazima, anapata adhabu mara mbili: anakosea mahali pepesi, halafu anaambiwa ni pepesi. Nawafahamu wawili walioacha kwa aibu hiyo. Walikuwa na masikio mazuri kuliko yangu. Hawakushindwa na muziki. Walishindwa na lebo.

Mimi karibu niwe wa tatu. Siku ile baada ya tamasha, mama yangu alikuwa kwenye kiti cha nyuma. Mama hajui sonata ni nini, anajua nyimbo za kanisa na taarabu za ujana wake Mombasa. Tulitembea hadi stejini kimya. Nikamwambia pole, nimekuaibisha.

"Mwanangu," akasema, "hujaniaibisha. Lakini mbona ulisimama pale? Mimi nilikuwa nakufuata."

Nikamuuliza, kwani ulijua nimekosea?

"Si ulikatika. Hata mtu aliyelala angejua."

Nikamuuliza kuhusu yule mtoto wa kelele, alikosea? Akafikiri kidogo. Akasema hajui, mambo yalikuwa mengi.

Nilipanda matatu nikilifikiria hilo. Mtoto alikuwa amekosea mara nne au tano. Nilikuwa nyuma ya pazia, nilihesabu. Mama hakusikia hata moja. Mimi nilikosa noti moja na mtu ambaye hajawahi kusikia jina Mozart aliisikia, kwa sababu kufikia kipimo cha tano sonata ilikuwa imeshamfundisha njia inakoelekea. Ilimchukua vipimo vinne tu. Muziki unaoweza kumfanya msikilizaji yeyote ajue unakokwenda, tena hata kabla hujafika, huo hauwezi kuwa rahisi kwa anayeucheza. Urahisi wote amepewa msikilizaji.

Bado nina kibodi ya vitufe 61, naweka vipokea sauti masikioni usiku ili jirani alale. Sehemu ya kwanza sasa naimaliza bila kusimama. Skeli bado zina doa hapa na pale. Kipimo cha 42 nimeacha kukitangaza. Nakicheza kama mtu anayeona lango analolifahamu, anaingiza mkono mfukoni kutafuta ufunguo, halafu anatazama tena. Wiki iliyopita mwalimu alisikiliza hadi mwisho, akafungua ukurasa wa sehemu ya pili, ile ya polepole, akasema, "Haya. Hii sasa ni rahisi zaidi."

Alikuwa anacheka.